Maji yanaporudi nyuma: dalili, sababu, na tofauti ya nonritani na kizuia mrejeo

Ukenda duka la vifaa vya bomba Darajani au Mwanakwerekwe ukasema "maji yangu yanarudi", utapewa nonritani. Muuzaji ataitoa kwenye boksi, ataitikisa usikie kilango cha ndani kinavyogonga, atakuuliza unataka ya nusu inchi au ya robo tatu, na biashara imekwisha. Wengine huiita chekivalvu; ni kitu kimoja. Huenda ndiyo uliyokuwa ukiihitaji. Lakini nimeitwa kwenye nyumba nyingi ambazo nonritani imeshafungwa, tena mpya inang'aa, na maji machafu yanaingia vilevile, kwa sababu shida ya nyumba ile haikuwa ya nonritani hata kidogo.

Haya nayaandika kwa mwenye nyumba, kwa fundi kijana, na kwa yeyote anayesimamia maji ya msikiti, skuli au nyumba ya wageni hapa Unguja na Pemba. Tuanze na namna maji yanavyorudi, maana ukiikosa hiyo utabadilisha vifaa mpaka pesa ziishe.

Maji hurudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufyonzwa. Laini ya mtaani ikipoteza nguvu, iwe zamu ya mtaa ya kupata maji imekwisha, umeme wa kisima umekatika, bomba limepasuka mbele, au jirani amewasha mota aliyoiunga moja kwa moja kwenye laini, maji yaliyomo kwenye mabomba yako yanavutwa kurudi mtaani. Kila ulichokizamishia mdomo wa mpira kinafuatana nayo. Ya pili ni kusukumwa: upande wako una nguvu kuliko mtaani. Tangi la juu, mota, kisima chako mwenyewe, hita, vyote vinasukuma. Kila mita 10 za kimo cha maji ni takriban baa 1, kwa hiyo tangi lililoinuliwa mita 6 linasukuma kwa baa 0.6. Usiku laini ikiwa tupu, hiyo ni nguvu kubwa.

Nonritani ni kilango kimoja. Maji yakija kinafunguka, yakirudi kinajifunga. Kimetengenezwa kuhudumia mashine: mota isizunguke kinyume, bomba la kuvutia lisibaki tupu. Kikikwama hakisemi. Hakina pa kupimia, hakina mwenzake wa kumsaidia, na unaweza kukaa mwaka mzima ukidhani unalindwa.

Kizuia mrejeo kimebuniwa na watu waliokwishakubali kwamba kilango siku moja kitavuja. Kile cha chekivalvu pacha kina vilango 2, kila kimoja kinafanya kazi yake bila ya kumtegemea mwenziwe, kina koki 2 za kufungia na vikoki vidogo vya kupimia, ili fundi akijue kila kilango kama kizima bila ya kukifungua. Kilicho juu yake kwa ubora kina vilango hivyohivyo 2, na katikati chumba chenye valvu ya kumwaga. Nguvu ya maji ndani ya chumba huwa chini ya nguvu ya maji yanayoingia. Tofauti ikishuka mpaka karibu na baa 0.14, valvu inafunguka na kumwaga maji chini, mbele ya macho yako. Kikiharibika kinamwaga, hakinyweshi watu uchafu. Hiki nitakiita kimwagaji. Kipo pia kikata mfyonzo, kinachoingiza hewa bombani maji yakianza kuvutwa. Hicho kinazuia kufyonzwa tu, kusukumwa hakikuwezi. Na kilicho bora kuliko vyote hakiuzwi dukani: pengo la hewa, yaani mdomo wa bomba unaomimina kutoka juu bila ya kugusa maji yaliyo chini. Kanuni za Ulaya za EN 1717 zimeyagawa maji makundi 5 kwa hatari yake, na kundi la 5, la maji yenye kinyesi na vijidudu vya maradhi, haliachiwi kimwagaji. Linataka maji yakatwe na hewa.

Mafunzo mengi ya kazi hii yametoka kwenye miji ambayo bomba halikauki. Huko kufyonzwa ni ajali. Mwaka 1969, mjini Worcester, Massachusetts, kikosi cha mpira wa Marekani cha Chuo cha Holy Cross karibu chote kiliugua homa ya ini, na msimu ukafutwa. Zimamoto walivuta maji kwa wingi kuzima moto mtaani, nguvu ya laini ikaanguka, na maji machafu kutoka shimo la bomba la kumwagilia kiwanja yakafyonzwa kwenye maji ya kunywa. Huko ilihitaji moto. Kwetu laini hukauka kila zamu inapokwisha, kwa hiyo lililowapata wao siku moja, hapa lina nafasi ya kutokea kila siku. Aliyeuguza mtu katika mripuko wa kipindupindu wa 2015 na 2016 hahitaji kuelezwa zaidi.

Tangi linashuka usiku na hakuna aliyefungua mfereji

Kwanza hakikisha. Baada ya sala ya Isha waambie watu wa nyumbani wasitumie maji, chovya ufito mkavu mpaka chini ya tangi, utie alama palipoishia umajimaji. Alfajiri chovya tena. Yameshuka? Usiku wa pili fanya hivyohivyo, lakini safari hii funga koki ya bomba linaloingiza maji tangini. Yakiacha kushuka, maji yako yanarudi mtaani. Yakiendelea, hapana mrejeo: kuna kinachovuja ndani, na kabla hujabomoa ukuta itazame kwanza tangi ya choo cha kukaa.

Yakiwa yanarudi, sababu ya msingi karibu kila mara ni ile ile. Bomba la kuingiza limefungwa chini ya tangi, au bomba moja linapandisha na kuteremsha. Mafundi walifanya hivyo kuokoa bomba na elbo. Hapo hakuna kinachoyazuia maji ila nonritani peke yake.

Ipime hivi. Maji ya mtaani yakiwa yamekatika na tangi limejaa, fungua yunioni (kiungo kinachofunguka bila ya kukata bomba) iliyo upande wa mtaani wa nonritani, weka ndoo chini, subiri dakika 10. Tone moja moja ni kuvuja. Uzi wa maji ni kufa. Nyumba moja Kikwajuni, ambako tangi la lita 1,000 lilikuwa likipungua robo kila usiku, niliifungua nonritani ya shaba ya robo tatu nikaitia kiganjani. Mwili wake mzima, kilango kinacheza vizuri, mpira wa kuzibia ungali laini. Lakini kwenye ukingo kilango kinapokalia kimelala kipande cha tepu nyeupe, urefu wa ukucha, na juu ya tepu punje mbili za mchanga wa matumbawe. Kilango kilikuwa kimeegemea punje zile, kimekaa upande, na pengo lake huwezi kupitisha hata karata. Lilitosha. Nilikifuta kwa kitambaa, nikasafisha bomba kabla ya kurudisha, na usiku ule tangi halikushuka.

Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua nyingine. Nilimwambia airudishe dukani, anunue chujio badala yake. Chujio la wavu kabla ya nonritani lina kazi kubwa hapa kwetu, ambapo laini ikikauka na kujaa tena huja na kila kilicholala ndani yake.

Tazama na mkao. Nonritani ya kilango cha kuning'inia hufungwa bomba likilala, au likisimama na maji yakipanda. Ukiifunga kwenye bomba ambalo maji yanateremka, kilango kitaning'inia wazi daima, na mshale ulioelekea sawasawa hautakusaidia kitu. Yenye springi hukubali mkao wowote. Jambo jengine: kilango cha kuning'inia kinajibana kwa nguvu ya maji yanayorudi, na tangi lililoinuliwa mita 2 tu linakisukuma kwa baa 0.2, nguvu ndogo mno kubana vizuri. Hapo tumia yenye springi na mpira laini.

Yote hayo ni kutibu. Kuponya ni kulihamisha bomba la kuingiza lipite juu ya tangi.

Maji ya beseni au ya birika yanapungua na hakuna aliyeyachota

Hii watu huidharau, na kwangu ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu unakiona kitendo chenyewe. Mpira umewekwa ndani ya beseni la kufulia, au ndani ya pipa la dawa ya kupulizia mboga, au umezamishwa kwenye birika la kutawadhia ili maji yasiruke, mfereji umeachwa wazi kungojea zamu. Maji yakikatika, beseni linashuka. Yale maji yamekwenda wapi? Yameingia bombani, na yatatoka kwa yule atakayefungua wa kwanza zamu ikirudi.

Katika nyumba za ghorofa ni hatari zaidi, maana kimo kinasaidia. Mpira uliozama ndooni ghorofa ya tatu, na mtu anafungua mfereji chini: maji ya ndoo yanateremka bombani kwa uzito wake mwenyewe. Hahitajiki mtu wa kuvuta.

Dawa yake haina gharama. Mdomo wa mpira uning'inie juu ya ukingo wa chombo, ufungwe kwa kamba usianguke. Vile vishawa vya chooni vyenye mpira vitundikwe, visiachwe vikaingia ndani ya bakuli la choo. Penye bustani, au penye pipa la dawa, funga kikata mfyonzo kwenye bomba, kikae angalau sentimita 15 juu ya mdomo ulio juu kuliko yote, na kisiwe na koki baada yake. Nonritani hapa nisingeitegemea. Dawa ya wadudu haingoji upate nafasi ya kuisafisha punje ya mchanga.

Maji ya mwanzo yananuka, au yana rangi ya chai

Chukua bilauri ya maji safi. Zamu ikiwa imekwisha, fungua mfereji ulio chini kuliko yote, uzamishe mdomo wake ndani ya bilauri kwa muda mfupi, utazame. Maji ya bilauri yakipanda ndani ya mfereji, laini inafyonza. Nimelifanya hili mbele ya wenye nyumba wengi, na hakuna maneno ninayoweza kusema yenye nguvu kama kuiona ile bilauri ikipungua.

Nani anafyonza? Wakati mwengine ni mteremko wa laini yenyewe. Mara nyingi ni mota. Maji yanakuja dhaifu, kila mtu anataka tangi lake lijae, kwa hiyo mota inafungwa moja kwa moja kwenye bomba la mita. Mota hiyo haivuti maji peke yake. Bomba la mtaani lina viungo vilivyolegea na nyufa ndogo, na likiwa na nguvu ndani, maji yanatoka nje. Likivutwa, yanayozunguka bomba ndiyo yanayoingia, na bomba limepita jirani na makaro ya vyoo. Masika ardhi ikilowa, hali inazidi.

Bi mkubwa mmoja alinijibu:

"Lakini fundi, mimi nonritani ninayo. Ile pale."

"Naiona, bi mkubwa. Tazama mshale wake unaelekea wapi."

"Ndani kwangu."

"Basi inaukinga mtaa na maji yako. Maji ya mtaa kukujia wewe, yenyewe ndiyo inayoyafungulia mlango."

Hili ndilo ambalo vijana wa kazi hii ningependa walishike. Nonritani, chekivalvu pacha na kimwagaji, vyote vinalinda kilicho nyuma yao dhidi ya kilicho mbele yao. Uchafu ulioingia kwenye laini kabla ya mita yako hauzuiwi na kifaa chochote utakachokifunga baada ya mita. Dawa ni kuacha kuivuta laini. Weka tangi la chini, maji ya mtaani yaingie kwa nguvu zake mwenyewe kupitia floti, kisha mota ivute kutoka tangi hilo kupeleka juu. Litajaa polepole. Lakini nyumba yako haitavuta tena maji ya karo, yako wala ya jirani. Tangi hilo likifukiwa ardhini, mfuniko wake uinuke juu ya ardhi ili mvua isiingie.

Maji machafu yakishaingia tangini, yaliyomo yamwage, sugua, jaza upya, kisha tia lita 1 ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000 za maji. Fungua kila mfereji mpaka usikie harufu yake, funga, acha saa 4 au usiku mzima, umwage yote na usuuze. Maji hayo ya dawa hayanywewi, wala hayapewi mifugo.

Maji ya mfereji yamekuwa na chumvi

Nyumba nyingi zina kisima chao pamoja na laini ya mtaani. Kisima karibu na pwani hukolea chumvi kikivutwa sana, kwa sababu hapa kwetu maji matamu yameelea juu ya ya chumvi ndani ya jiwe la matumbawe, na ukiyavuta kwa pupa ya chini yanapanda. Ulimi wa kawaida huanza kuihisi chumvi hiyo kloridi ikizidi takriban miligramu 250 kwa lita.

Mfereji wa maji matamu ukianza kuwa na ladha, izime mota ya kisima siku mbili nzima na ufunge koki yake. Chumvi ikiondoka, kisima chako kinaingia kwenye laini yako. Isipoondoka, onja maji ya kwanza baada ya mita, kabla ya kitu chochote chako. Yakiwa na chumvi hapo, inatoka nje: ama kisima kinacholisha mtaa wenu kimekolea, ama jirani anausukumia mtaa maji yake.

Na hili la mwisho linatokea kweli. Mtu anaunganisha kisima na laini kwa tii moja (kiungo cha njia tatu) na koki moja katikati, "ya kubadilishia". Siku anayosahau kuifunga, mota ya kisima yenye baa 2 au 3 inasukuma maji ya chumvi, pamoja na chochote kilichomo kisimani, mpaka mtaani. Kusahau ni kwa binadamu wote, kwa hiyo nakataa kufunga koki ya namna hiyo hata mteja akinisihi. Kama lazima bomba lile lile litumike, funga kipande kimoja cha kuhamisha chenye yunioni pande mbili: kikiwa upande wa kisima, upande wa laini uko wazi, umezibwa kwa plagi. Hapo usahaulifu hauwezi kuyakutanisha. La rahisi zaidi ni tangi moja, bomba mbili, zote zinamimina kutoka juu, kila moja na pengo lake la hewa.

Mita inazunguka kinyume, au inazunguka na maji hakuna

Kinyume ni mrejeo, usitafute zaidi; rudi kwenye kipimo cha tangi hapo juu. Inayozunguka mbele kwa kasi dakika za mwanzo za zamu huwa ni hewa inayotangulia maji. Hiyo si kazi ya nonritani.

Mota inapoteza maji kila ikizimwa

Futivalvu iliyo chini ya bomba la kuvutia inavuja, au kiungo cha bomba hilo kinaingiza hewa. Jaza bomba maji mpaka juu, utazame. Yakishuka, futivalvu. Yasiposhuka na mota bado haivuti, kiungo. Hapa nonritani ipo kwenye kazi yake halali, nayo ni kitu cha kubadilishwa bila ya kusitasita. Kumbuka tu kwamba mota ya juu ya ardhi haivuti vizuri kutoka kina cha zaidi ya mita 7, hata futivalvu iwe mpya.

Kishindo kikubwa ukutani mota inapozimwa

Kilango cha kuning'inia kimechelewa kufunga, maji yameshaanza kurudi, kinapiga. Weka ya springi, inayofunga kabla ya maji hayajageuka. Ukikiacha kishindo hicho, viungo vya plastiki vitaachia.

Hita imeanza kudondosha baada ya kufungwa nonritani

Hita haijaharibika. Maji yakipashwa yanatanuka: lita 100 kutoka nyuzi 25 mpaka 60 zinaongezeka zaidi ya lita 1. Zamani ziada ile ilikuwa ikirudi nyuma bombani. Sasa umeifungia njia, na valvu ya usalama ya hita ndiyo inayoitoa. Usiizibe valvu hiyo kwa hali yoyote, hita inaweza kupasuka. Funga kitangi cha kupokea mtanuko kati ya nonritani na hita, au ilishe hita kutoka tangi la juu kwa bomba lisilo na nonritani.

Kimwagaji kinamwaga

Vifaa hivi utavikuta zaidi kwenye hoteli za ukanda wa pwani, Nungwi, Paje na kwengineko, kwenye mashine za kufulia, mabwawa ya kuogelea na mitambo ya dawa. Simu huja hivi: "Fundi, kile kidude kimeharibika, sakafu imejaa maji." Mara nyingi kidude kizima.

Uliza kwanza kinamwaga lini. Kikimwaga kwa muda mfupi kila maji ya mtaani yanapokatika, ndivyo kilivyoundwa. Nguvu ya kuingilia imeanguka, kimefungua chumba chake ili kisirudishe kitu. Kikitapika kidogo kidogo mchana kutwa huku maji yapo, nguvu ya laini inapanda na kushuka, labda kwa mota inayowaka na kuzima. Hapo tibu mota.

Kikimwaga bila ya kusita ndipo pana ubovu, nao unatafutika bila ya kufungua hata skrubu. Funga koki ya mbele, iliyo upande wa matumizi. Kumwaga kukisita, kilango cha pili kinavuja na kuna kitu upande wa ndani kinachosukuma. Una kazi mbili, kukisafisha kilango na kukitafuta kinachosukuma. Kukiendelea, fungua kikoki cha kupimia kilicho baada ya kilango cha pili, maji yapite kidogo. Kumwaga kukisita maji yanapopita, ni kilango cha kwanza: kina uchafu, au mpira wake umekatika. Kukiendelea hata maji yanapopita, tatizo liko kwenye valvu ya kumwaga yenyewe, ama kwenye kinjia chembamba kinachoipelekea nguvu ya maji, ambacho huziba kwa mchanga na chokaa.

Karibu kila nilichokifungua kilikuwa na uchafu kwenye kilango cha kwanza. Sababu ni ile ile ya nonritani ya Kikwajuni: fundi hakusafisha bomba kabla ya kufunga, wala hakuweka chujio. Kioshe kwa maji safi, usikikwangue kwa bisibisi, ugeuze mpira wa kuzibia ukiwa unakubali kugeuzwa, urudishe.

Niliwahi kukuta kimoja kimezibwa tundu la kumwagia kwa saruji, ili sakafu isilowe. Kifaa cha gharama kubwa kimegeuzwa nonritani, na wageni wanakunywa. Kimwagaji hakizikwi shimoni, hakizibwi, na tundu lake liwe na angalau sentimita 30 za hewa mpaka ardhini. Likizama kwenye maji ya mvua, lenyewe ndilo litakalofyonza. Kipimwe kwa geji kila mwaka, na vivyo hivyo chekivalvu pacha, ambayo kila kilango chake kinapaswa kushikilia angalau baa 0.07.

Kizuia mrejeo kimefungwa, na maji hayapandi tena

Mwenye nyumba ya wageni mmoja kule Pemba alisoma juu ya kimwagaji, akakiagiza, akakifungisha baada ya mita. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Maji yakaacha kufika ghorofa ya kwanza. Nilipotia geji kwenye laini ikasoma chini ya baa 1. Kimwagaji kwa kawaida hula baa 0.7 mpaka 1 ili kifanye kazi yake, hakikubakisha kitu.

Tulikivua. Tukaweka tangi la chini lenye floti, mota ndogo, na bomba la kupandisha lenye nonritani ya springi baada ya mota, mahali inapostahiki. Kinga ya mtaa ikawa pengo la hewa kwenye floti: mara mbili ya upana wa bomba la kuingiza, na lisipungue milimita 25. Kwa bomba la robo tatu mimi hupima vidole vitatu vilivyolala, kati ya mdomo wa floti na kimo cha juu kabisa ambacho maji yanaweza kufika.

Nilirudi baada ya miezi miwili nikafungua mfuniko. Mtu alikuwa amechomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wa floti, kimezama mpaka chini, kwa sababu sauti ya maji kumiminika usiku ilikuwa ikiwaamsha wageni. Na tundu la kupunguzia maji ya ziada lilikuwa limezibwa kwa tambara, mbu wasiingie. Nilikivuta kile kipande, nikatoa tambara nikafunga wavu mwembamba mahali pake, nikapima tena vidole vitatu kutoka kwenye tundu lile, si kutoka kwenye maji niliyoyakuta. Sauti tuliipunguza kwa kuweka jiwe bapa la matumbawe chini ya mmiminiko, kimo chake kikawa chini kidogo ya maji yaliyojaa, na mdomo wa floti ukabaki hewani.